Somo la Ufundi: Kibao cha Umeme Kinachojibu Hodi



Wengi wametuuliza juu ya kile kisanduku kilichopigiliwa barazani, juu ya benchi ya wagonjwa. Wadogo wa klasi ya kwanza wanakiita «saa isiyokwenda». Si saa. Ni kibao cha kuonyesha kama ndani ya dispanseri ya shule kuna mtu au hapana. Tulikitengeneza sisi wa kundi la ufundi, na tulikitengeneza mara tatu, sababu mara mbili za kwanza kilitudanganya. Leo tunaeleza kazi yote, pamoja na makosa, ili anayetaka kutengeneza chake asianze pale tulipoanza sisi.

Kwanza, haja yenyewe. Dispanseri yetu ni chumba kimoja na mlango mmoja wa mbao nyembamba. Anayesimama mlangoni anasikia yote yanayosemwa ndani. Na kuna mambo ambayo mwanafunzi anamwambia Mama wa dispanseri peke yake. Hata rafiki yake wa kitanda cha jirani hapaswi kuyasikia. Siku moja neno la dada mmoja lilitoka kwa njia hiyo, likafika bwenini kabla yeye mwenyewe hajafika. Ndipo Mama aliomba benchi ihamishwe, ikawekwa mwisho wa baraza, kama metre 15 kutoka mlango. Ilikuwa vizuri, lakini shida nyingine ikazaliwa: aliyekaa kwenye benchi hajui kama zamu yake imefika. Anainuka, anakuja, anagonga, anakatiza mazungumzo, anarudi. Baada ya dakika tano anainuka mwingine.

Tulijaribu katoni yenye maandiko pande mbili. Katoni haikuwa mbaya, lakini mtu husahau kuigeuza. Mwingine atasema: «Mbona choo cha behewa la treni kinaonyesha kama kuna mtu, na hakina pile wala fili?» Anasema kweli. Pale komeo lenyewe linageuza kibati kidogo upande wa nje, basi. Kama benchi yako iko mbele ya mlango, fanya hivyo, usipoteze fili yako. Sisi tulihitaji umeme kwa sababu moja tu: zile metre 15.

Sasa tuone nguvu inayofanya kazi hii. Mwaka 1820 Ørsted wa Denmark aliona kwamba fili inayopita umeme inasukuma sindano ya dira. Mwaka 1825 Mwingereza Sturgeon alizungusha fili juu ya chuma kilichokunjwa kama kwato la farasi, akapata sumaku inayowaka na kuzimika kwa mapenzi ya mtu. Fili yake ilikuwa tupu, hivyo mizunguko ilikuwa michache na imeachana, ili isigusane. Mmarekani Joseph Henry alivika fili hariri, akaweza kuipanga mizunguko kwa mamia, moja juu ya nyingine. Sisi leo hatuna haja ya hariri. Fili ya shaba tuliyoitoa katika transfo ya radio iliyoungua imepakwa vernishi. Fili iliyozungushwa hivyo tunaiita bobini. Nguvu yake inafuata vitu viwili vinavyozidishwa: hesabu ya mizunguko na ampea zinazopita.

Bobini yetu iko hivi: buloni ya chuma yenye unene wa milimita 8, fili ya milimita 0.3, mizunguko 600. Mzunguko mmoja unakula kama sentimita 4.7 za fili, kwa hiyo jumla ni metre 28. Fili ya shaba ya unene huo ina omu karibu 0.24 kwa metre moja. Zidisha, utapata omu 7 hivi. Ongeza njia ya kwenda na kurudi mlangoni, metre 30 za fili ya kengele ya milimita 0.6, karibu omu 2. Pile zenyewe nazo zina upinzani wao ndani, tuseme omu 1. Jumla 10. Pile tatu kubwa za tochi zinatoa volti 4.5. Gawa 4.5 kwa 10: ampea 0.45. Tafadhali shikeni hesabu hiyo kichwani, sababu ndiyo iliyotuaibisha.

Kibao cha kwanza kilikuwa rahisi. Mgonjwa akiingia, Mama anafunga komeo, komeo linagusanisha vibati viwili, umeme unapita, bobini inavuta kibati chenye neno KUNA MTU. Komeo likifunguliwa, umeme unakatika, kibati kinaanguka kwa uzito wake, linaonekana neno INGIA. Tulikifurahia sana. Kilifanya kazi siku ya kwanza na nusu ya siku ya pili. Pile moja kubwa ya namna ile, ukiivuta ampea 0.45 bila kupumzika, inaweza kukupa saa 6 au 7, kiisha imekufa. Siku ya pili, kulikuwa bado na dada ndani, komeo limefungwa, pile zikachoka. Kibati kikaanguka. INGIA. Kijana mmoja akainuka kwenye benchi kwa heshima yote, akasukuma mlango kwa nguvu maana ulikuwa mgumu, na komeo la zamani likatoka na misumari yake. Hatusemi zaidi. Yule dada alikuwa na haki ya kutukasirikia, na tulikwenda kumwomba radhi, sisi wote wanne.

Basi tukasema: tugeuze. Hapo mwalimu wetu wa fizikia alitupa somo zuri kutoka reli, na linafaa kuandikwa hapa maana Kindu ni mji wa reli. Reli ya kwenda Kongolo, yenye kilometa kama 355, ilijengwa na kampuni ya CFL mwanzo wa karne ya ishirini, na tangu hapo watu wengi wa hapa wamekula mkate wa reli. Ni reli ya njia moja. Swali la njia moja ni lile lile la chumba chetu: je, sehemu hii ina mtu au haina? Ukikosea, treni mbili zinakutana uso kwa uso, kama zilivyokutana huko Thorpe, Uingereza, mwaka 1874, kwa sababu ya telegramu iliyotumwa kabla ya wakati. Baada ya ajali ile, mwaka 1878 Edward Tyer alitoa chombo cha umeme chenye vibao: dereva haingii katika sehemu bila kushika kibao chake mkononi, na chombo hakitoi kibao cha pili mpaka kile cha kwanza kirudishwe.

Lakini kilichotugusa zaidi ni kazi ya Mmarekani William Robinson, ya mwaka 1872. Yeye alipitisha umeme wa betri katika reli zenyewe, mpaka kwenye rele, yaani bobini inayoshika swichi. Umeme ukipita, rele imeshika, ishara inasema njia ni tupu. Treni ikiingia, magurudumu yake ya chuma yanaunganisha reli mbili, umeme unapita katika magurudumu badala ya rele, rele inaachia, ishara inasema hatari. Sasa angalieni akili yake: betri ikifa, rele inaachia. Fili ikikatika, rele inaachia. Hata reli ikivunjika, rele inaweza kuachia. Chombo kikiugua, kinasema hatari. Angefanya kinyume, umeme upite wakati treni ipo, betri ikifa chombo kingesema «njia ni tupu» na watu wangekufa.

Kumbe sisi tulifanya kile kinyume. Tukageuza waya zetu: umeme ulishika neno INGIA, na ukikatika linaanguka neno KUNA MTU. Tukajiona wahandisi wa reli.

Ngojeni sasa. Chumba hakina mtu kwa saa nyingi kuliko saa za kuwa na mtu. Usiku mzima ni kitupu. Kwa hiyo umeme wetu ulipita usiku mzima ukishika neno INGIA ambalo hakuna aliyelisoma isipokuwa sentineli. Asubuhi pile zilikuwa zimekufa na kibao kilisema KUNA MTU. Saa moja na nusu mdogo mmoja wa klasi ya pili alikuja na homa kali. Akasoma kibao, akakaa. Saa mbili akasoma tena. Alikuwa mtoto mwenye adabu, hakutaka kukatiza. Mpishi alimkuta saa nne, amelala juu ya benchi, anatetemeka, na meno yanagongana. Na Mama? Alikuwa ndani peke yake tangu saa moja, anapanga dawa, anashangaa leo hakuna mgonjwa.

«Mtoto, juu ya nini haukugonga?»

«Mama, nilizani iko mutu.»

«Nani alikuambia iko mutu?»

«Kile kibao.»

Alikuwa na malaria. Alipewa dawa, akapona, Mungu ashukuriwe. Lakini saa mbili na nusu za malaria kwa mtoto mdogo si kitu cha kuchezea, na jioni ile katika kundi letu hakuna aliyechekesha mwenzake.

Tulibishana sana. Wawili walisema turudi kwa kibao cha kwanza, aibu ya dada ni ndogo kuliko homa ya mtoto. Wawili walisema hapana. Mtu akiona dispanseri haina siri, siku nyingine atabaki na ugonjwa wake bwenini, nayo ni hatari vilevile. Tukaona kosa letu halikuwa kuchagua vibaya kati ya maneno mawili. Kosa lilikuwa kuwa na maneno mawili tu. Reli inaweza kusema «hatari» wakati haijui, maana treni ikisimama bure, hasara ni muda. Chumba cha picha za X-ray pia, au chumba cha mtihani, kikosee upande wa «usiingie». Chumba cha wagonjwa hakina upande mzuri wa kukosea. Chombo chake kisipojua, kiseme hakijui. Na sisi Waswahili tunalo neno la mtu asiyejua kama ndani kuna watu: anapiga hodi.

Ndiyo kibao cha tatu, kile mnachokiona leo. Kina kishale kimoja na maneno matatu. Kushoto INGIA. Kulia NGOJEA. Katikati PIGA HODI. Kishale kikiwa hakina umeme kinasimama katikati kwa uzito wake. Na umeme haupiti usiku, wala mchana, isipokuwa pale mgonjwa anapobonyeza butoni iliyo chini ya kisanduku. Anabonyeza, yaani anauliza. Kishale kinakwenda kushoto au kulia, yaani kinajibu. Anaachia, kinarudi katikati. Kama pile zimekufa, anabonyeza na kishale hakitikisiki: kinabaki PIGA HODI, naye atakwenda kugonga kama zamani. Fili ikikatwa na panya, vilevile.

Turudi kwenye hesabu. Ampea 0.45, tuseme sekunde 3 kwa kila swali, maswali 40 kwa siku. Ni sekunde 120 kwa siku badala ya saa 24. Ampea-saa 0.015 tu. Pile yenye ampea-saa 3 ingekwenda siku 200 kwenye karatasi. Kwa kweli itazeeka mapema, na joto la hapa haliisaidii, lakini hata miezi mitatu si sawa na saa saba.

Namna ya kukijenga. Mchoro mkubwa uko ukutani katika klasi ya ufundi. Hapa tunaeleza kwa maneno. Ndani ya kisanduku kuna ekseli ndogo, kipande cha kijiti cha chuma kutoka gurudumu la kinga. Juu ya ekseli kishale kina sentimita 15, nacho ni njiti ya jani la mchikichi. Usitumie fili wala kibati. Kichwa kikiwa kizito kishale kitaanguka upande mmoja na kulala. Chini ya ekseli, sentimita 2, imefungwa nati ya chuma ya gramu kama 10. Ndiyo inayorudisha kishale katikati, na ndiyo inayovutwa na bobini. Bobini mbili zinalala huku na huku kwa nati, zinatazamana. Pengo kati ya nati na kila buloni ni milimita 3. Tulianza na milimita 8, tukasukuma pile mpaka zikapata moto, nati haikujua kwamba inaitwa. Nguvu ya sumaku inapungua haraka sana pengo likiongezeka. Milimita 3 chini zinakuwa zaidi ya sentimita 2 juu kwenye ncha ya kishale, na hiyo inatosha kusomwa.

Waya. Kutoka pile, upande wa kujumlisha, fili inakwenda butoni. Kutoka butoni inagawanyika kwa bobini zote mbili. Mwisho wa bobini ya kushoto unakwenda mlangoni kwa fili yake, mwisho wa bobini ya kulia kwa fili yake. Mlangoni kuna vibati viwili vya shaba. Komeo likiwa wazi, ulimi wake unagusa kibati cha kushoto; likifungwa, unagusa cha kulia. Kutoka kwenye ulimi fili ya tatu inarudi kwa pile, upande wa kutoa. Fili tatu basi. Komeo likisimama katikati halijafika popote, hakuna kibati kinachoguswa, kishale kinasema PIGA HODI, nalo ni jibu la haki.

Kuna kosa moja ambalo kibao hiki bado kinaweza kufanya, na hatutaki kuwaficha. Fili ya kwenda mlangoni ikigusana na ile ya kurudi, shaba kwa shaba, kishale kitakwenda upande mmoja kila mara, komeo liwe wazi au limefungwa. Kwa hiyo tumeziachanisha fili tatu kwa upana wa vidole viwili ukutani mwote, kila moja na misumari yake. Na kila Jumatatu mmoja wetu anakwenda na Mama: anafunga, anabonyeza, anafungua, anabonyeza, anavua pile moja, anabonyeza. Ile ya tatu ndiyo kubwa.

Mambo madogo yaliyotusumbua. Buloni mpya ya chuma kigumu inabaki na sumaku hata umeme ukikatika, na nati inaganda pale. Dawa yake ni makala: tia buloni katika moto mpaka iwe nyekundu, kiisha ifukie katika majivu ya moto, uiache mpaka kesho ipoe polepole. Chuma kinalainika na kinasahau sumaku yake karibu yote. Bandika pia karatasi kwenye kichwa cha buloni, nati isiguse chuma moja kwa moja. Vernishi ya fili lazima ikwanguliwe kwa wembe kwenye ncha. Mmoja wetu alipoteza jioni mbili akilaumu pile. Viungo vyote tumevichoma kwa risasi ya bati. Inafaa kujua kwamba bati ile ni mali ya nyumbani: Maniema ilitoa cassiterite nyingi, na Symétain ilikuwa ikiichimba Kalima tangu miaka ya 1930, mpaka SOMINKI ikachukua nafasi mwaka 1976. Inatoka hapa kama mchanga mweusi, inarudi dukani imezungushwa kama uzi, na bei yake mnaijua. Risasi ni sumu. Nawa mikono kabla ya kula.

Vibati vya mlangoni vinaota kutu ya kijani wakati wa mvua. Vipanguse kwa karatasi ya msasa, taratibu.

Neno NGOJEA lilikuwa kwanza KUNA MTU. Mama mwenyewe ndiye aliyeomba libadilishwe. Alisema kuna saa hakuna mgonjwa ndani lakini yeye anafunga komeo ili asali, au ahesabu dawa, na kibao kisiseme jambo lisilo kweli juu yake.

Tunaomba mambo mawili. Wadogo, acheni kubonyeza butoni kwa mchezo. Jumatano iliyopita tulihesabu mara 212 kabla ya saa sita, na wagonjwa walikuwa 9. Na yeyote mwenye radio iliyoungua, transfo, au feni iliyokufa, atuletee klasi ya ufundi Ijumaa baada ya masomo. Bwana Pasta ameomba kibao kama hiki kwa chumba cha mashauri, na fili iliyobaki kwetu haifiki metre 10.